Siku moja na anvelope 120, na mvua juu ya bati

Saa 11 na nusu asubuhi. Hata macho sijafungua, nasikia mvua kwenye bati na roho inashuka mpaka kwa miguu, juu kwa kazi yangu mvua ni kole (gundi) yenye haikauki. Watu wakiniuliza unafanya nini nasema niko nafanya anvelope kwa mkono, za ndoa, za ubatizo (nyinyi wa Dar mtasema bahasha, sawa), wanacheka, eti si ni karatasi tu, kunja, bandika, basi. Wapi! Njoo ubandike huku Bukavu, mashariki ya Kongo, mwezi wa 11, nyumba yenyewe iko Kadutu kwenye mteremko, bati la jirani liko sawa na mlango wetu na ukuta unatoa jasho kama mtu.

Leo niko na komande (oda) ya 120, za ndoa ya Jumamosi. Shangazi ya bibi arusi anakuja kuchukua saa 10 mchana. Jana nilikata zote na nikakunja 40, nikalala nikijisifu.

Saa 12 na kitu mama amewasha mbabula (jiko la makaa) ya chai, namuomba nafasi kidogo nipike kole. Ndiyo, napika: vijiko viwili vya unga wa muhogo, kikombe cha maji baridi, unakoroga kwanza mpaka madonge yaishe ndiyo unaweka kwa moto, ukiweka unga kwa maji ya moto umepika bugali. Inakuwa nyeupe, inakuwa nzito, kisha ghafla inakuwa kama kioo, hapo unatoa. Naongeza siki kidogo juu siku ya pili inaanza ukungu. Kole nyeupe ya duka ninayo, ila ile naweka kwa pembe tu, kwenye kitenge inapenya inaacha doa, ya muhogo haipenyi. Mama anachungulia sufuria anauliza kama nitakula. Kila siku hilo swali.

Kitenge kinaingia wapi? Ndani ya mfuniko. Fundi wa hapa chini ananiwekea vipande vyenye angetupa, nakata pembetatu, nabandika, mgeni akifungua ndiyo anaona rangi. Karatasi ni nzito, ya gramu 120 kwa mita ya mraba, ile ya 80 ya fotokopi ukiipaka kole inajikunja kama sambaza, vile visamaki vya ziwa, kwenye mafuta.

Saa 3 motari wa pikipiki analeta kadi zenyewe kutoka enprimeri, kwa wachapishaji. Nachukua moja, nachukua anvelope ya jana, nasukuma. Inakataa. Nageuza, nasukuma tena, kama vile ukigeuza kitu cha mraba kitapungua. Napima kwa rula: sentimetre 13 na nusu. Kwa WhatsApp niliandikiwa 13 kwa 13! Nani alikosea, wao au shangazi, sijui na sikuuliza, mimi ndiye nilikunja 40 bila kadi mkononi, ni ya kujilaumu.

Nikakaa chini nikapiga hesabu nyuma ya daftari ya mdogo wangu. Naanza na A4, 21 kwa 29.7, nakata mraba wa 21. Ulalo wa huo mraba, kona mpaka kona, ni 29.7, sawasawa na urefu wa A4 yenyewe, chukua rula uone, mimi siku nilipogundua nilifurahi kama nimeokota pesa. Kadi inalala katikati kwa mshazari, kona nne zinakunjwa juu yake. Nikifanya anvelope ya 13.8, kila kona inapita katikati kwa sentimetre 1 hivi, nyembamba lakini inashika. Kwa hiyo zile 80 zenye hazijakunjwa ziko salama, na 40 zimekufa, juu karatasi ya hivi ukiikunja mara mbili mstari wa kwanza unabaki kama kovu.

Kwenda Nyawera kutafuta karatasi 40 za rangi ya bordo (damu ya mzee). Sitasimulia matope. Nilirudi nazo ndani ya sashe (mifuko ya plastiki) mbili, chini ya jaketi, mimi nimelowa, karatasi ni kavu. Bordo yenyewe imezidi wekundu kidogo ila ukichanganya hakuna atakayeona, labda wewe kwa sababu nimekuambia.

Saa 6 umeme umeenda. Hapa ndipo nafanya kazi vizuri, sina simu ya kuangalia. Kwanza unapiga mstari na biki yenye imeisha wino, bila kukwaruza, kisha unakunja, kisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo mara moja, si mbili, ukirudia inang'aa. Karatasi ina nyuzi kama mbao, ukikunja kufuata nyuzi inatii, ukikata nyuzi inapasuka. Uzuri wa mshazari ni kwamba mikunjo yote nne inakata nyuzi sawa, hakuna mmoja wa kuleta kiburi. Mia na ishirini, mgongo unauma, naimba.

Saa 8 kole bado bichi. Nikatoa pasi ya makala (makaa), kitambaa juu, napitisha polepole, kole ya muhogo inapenda moto, dakika moja imeshika. Zimefika 70 hivi cheche ikaruka, tundu kama la sindano kwenye mbili, na mimi nilikata 120 kamili bila ziada. Mojawapo nilifunika na ua la gome la mgomba, ikawa nzuri kuliko zingine, nikajuta sikuzifanya zote hivyo. Ya pili tundu lilikuwa kwenye kona, haikuwezekana.

Saa 10 na nusu shangazi anaingia, anapangusa viatu, anahesabu. "Mwanangu, hizi ni 119."

"Ndiyo mama, moja imeungua, nitakutolea kwa bei."

Akaona zile 40 pembeni. Hizi za nini? Nikasema bila kupepesa, za wageni kuwekea mchango, zinawekwa mezani mlangoni, watu hawaaibiki kutoa pesa mkononi. Akafikiri. Akachukua 25 kwa nusu bei, na baki ya komande yote eti nitapata Jumamosi, ndoa ikiisha. Nimesikia hiyo Jumamosi mara nyingi.

Saa 3 usiku umeme umerudi, nawasha, kuna mende wawili ndani ya sufuria ya kole wanakula taratibu kabisa kama wamealikwa.