Mtoto alilala, mimi nikabaki macho

Mtoto mchanga huamka kila baada ya saa mbili au tatu kutafuta ziwa, na hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba akishashiba na kulala fofofo, mimi ningebaki nimekodoa macho hadi adhana ya alfajiri, moyo ukinidunda, nikisikiliza kama bado anapumua.

Kila mgeni aliniambia, “Mtoto akilala, nawe lala.” Usingizi haukuja. Mchana nililia, uji wa pilipili manga ukanishinda, mwanangu nikamtazama kama mtoto wa jirani. Mama, aliyekuja kunikanda, alidhani ni machozi ya siku za mwanzo. Hayo huja homoni zinaposhuka ghafla baada ya kujifungua, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yangu yalifika kliniki ya wiki ya sita.

Kwa nesi nilitaja usingizi tu, maana huo hauna aibu. Akaniuliza swali ambalo natamani kila mzazi aulizwe: “Mtoto akiwa amelala na yupo wa kumwangalia, wewe unalala?” Nikasema hapana. Akanipa dodoso la Edinburgh, maswali 10 ya kutambua dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa waliojifungua. Moja linauliza kama huzuni imekunyima usingizi; la mwisho, kama umewaza kujidhuru. Daktari alipima damu na tezi ya shingo, kwa sababu hitilafu zake hufanana na sonona, kisha akathibitisha kuwa ni sonona baada ya kujifungua.

Nikaanza unasihi, na nyumbani tukapanga usiku upya. Saa mbili nanyonyesha, naingia chumba cha nyuma. Mama anabaki na mtoto na maziwa niliyokamua, anamnywesha kwa kikombe. Saa sita mume wangu anampokea, saa nane naamshwa kunyonyesha. Mama mkwe aliposema mzazi halali mbali na mwanawe, mume wangu alimjibu, “Mama, daktari kasema usingizi ni sehemu ya dawa yake.”

Mwanzoni nililala kwa vipande. Nilipopata saa nne mfululizo, chakula kilirudi kuwa na ladha. Usingizi peke yake haukuniponya: huzuni huufukuza, na kuukosa huzidisha huzuni. Ila nikiwa nimelala niliweza kumsikiliza mnasihi na kukumbuka alichosema.

Siku hizi nikienda kumwona mzazi, naomba kumshika mtoto ili yeye akapumzike. Akiniambia halali hata mtoto akilala, tunapanga siku ya kwenda kliniki pamoja. Akitaja kujidhuru, tunaondoka saa hiyohiyo.