Dai la bima hukwama pale dirishani

Kwa makarani wa hospitali na zahanati zinazohudumia wanachama wa bima, Unguja na Pemba: madai mengi hukatwa kwa sababu ya ugonjwa na dawa kutolingana. Mgonjwa ana presha na sukari, dakta kaandika I10, msimbo wa presha, peke yake, halafu duka la dawa limetoa metformini, dawa ya sukari. Mkaguzi wa bima haoni sababu ya dawa ile, anaikata. Ilitakiwa E11, msimbo wa sukari aina ya pili, iandikwe pia. Karani asiiongeze mwenyewe. Amrudishie dakta aandike na atie saini, siku hiyo hiyo, faili likiwa bado mezani.

Idadi nayo ipigiwe hesabu. Kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siku 30, ni vidonge 60. Ukidai 90, 30 vinakatwa, na ni haki.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi: Khamis asigeuzwe Hamisi. Uhai wa kadi uangaliwe kabla ya huduma.

Saini ya mgonjwa ichukuliwe baada ya kupewa dawa, si pale mapokezi. Kumsainisha mtu fomu tupu ni kumdhulumu, maana hajui atadaiwa nini kwa jina lake.