Nani mwenzangu?

Jana usiku nimeitazama tena Personal Shopper, filamu ya Mfaransa Olivier Assayas ya mwaka 2016. Mara ya kwanza nilikuwa sijafiwa bado. Niliona msichana anazunguka Paris na pikipiki kumnunulia mtu mwingine nguo, nikasinzia katikati. Safari hii usingizi umenipaa mpaka adhana ya alfajiri.

Msichana mwenyewe ni Maureen, anachezwa na Kristen Stewart. Ni Mmarekani, kazi yake kumchukulia mama mmoja maarufu magauni na vito kwenye maduka ambayo mimi ningeogopa hata kuchungulia. Kazi haipendi, ila mji hauachi, maana Lewis, pacha wake, amefia hapo kwa maradhi ya moyo ambayo na yeye Maureen amezaliwa nayo. Wawili hao waliahidiana: atakayetangulia atamletea mwenzake ishara. Basi anangoja. Analala peke yake kwenye nyumba tupu aliyoiacha marehemu, mbao zinalia, bomba linamwaga maji bila mtu kulifungua, na yeye yuko gizani anaita, "Lewis?"

Kwetu asingelala peke yake hata usiku mmoja. Mikeka ingetandikwa mpaka barazani, mama wakubwa wakimshikia kikombe cha uji anywe kwa nguvu, na bomba likifunguka lenyewe angesomewa Yasini papo hapo. Nilimwonea huruma kwa upweke ule kuliko kwa mzimu. Na mzimu wenyewe, ukiniuliza mimi, umeonyeshwa kupita kiasi: kuna pahala unatapika kitu cheupe kama moshi mzito, nikacheka, nikajisikia vibaya.

Kilichonikosesha usingizi ni simu.

Maureen anasafiri kwenda London na treni ile inayopita chini ya bahari, na njiani anaanza kuandikiwa na namba asiyoijua. Huyo mtu anamwambia anamjua. Maureen anamwuliza kama yu hai au amekufa. Kwa muda mrefu hatuoni kingine ila kioo cha simu, kidole gumba na zile nukta za kungojea jibu. Hakuna anayepiga kelele, hakuna damu. Baadaye, simu iliyozimwa inawashwa, na jumbe zilizokwama zinaingia kwa mfululizo, kila moja ikimleta mwandishi karibu zaidi na mlango. Filamu inaelekea kutwambia kuwa mwandishi huyo ni binadamu, tena wa hatari. Lakini Maureen keshamjibu, keshamfungulia moyo, kwa sababu alikuwa akingoja sana kuandikiwa na mtu mmoja tu.

Sisi tuna swali letu kwa namba ngeni. Hatuulizi "wewe ni nani" kama polisi. Tunauliza, "Nani mwenzangu?" Maureen amekaa ndani ya swali hilo filamu nzima.

Na mimi nimelikaa. Kaka yangu alipofariki sikuifuta namba yake. Baada ya arobaini nikaanza kumwandikia WhatsApp, mambo madogo madogo: mama kapona mguu, muembe umezaa, yule fundi wako kala pesa zetu. Inabaki tiki moja ya kijivu. Nilikuwa naipenda ile tiki moja. Ni kama barua uliyoiweka chini ya mto. Sasa Ramadhani iliyopita, mara tu baada ya kufuturu, nimemwandikia kuwa tambi za mwaka huu zimezidi sukari. Tiki mbili. Nikaweka kikombe chini. Tiki zikageuka bluu.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Najua vizuri kabisa kwamba namba ikikaa muda bila kutumika kampuni huiuza upya. Nalijua hilo, na bado nilisimama nikajitanda kanga kichwani, kama mtu aliyebishiwa hodi na mgeni wa heshima. Halafu likaingia neno: "Nani mwenzangu?"

Nikaandika kuwa nimekosea namba.

Mwezi Mei wa 2016, filamu hii ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, waandishi wa habari waliizomea, kisha Assayas akapewa tuzo ya mwongozaji bora, akagawana na Mromania Cristian Mungiu. Waliozomea nawaelewa kiasi. Mwisho wake haukupi kitu cha kushika mkononi. Maureen anamfuata mpenzi wake Oman, anapandishwa milimani, na hapo ndipo nilipokaa wima, maana shangazi zangu wako Maskati, na Oman kwangu ni sauti za Kiswahili cha Unguja zikiuliza kama nimekula. Kumbe ndipo alipokwenda kumtafuta pacha wake. Ndani ya chumba glasi inaelea hewani, inaanguka, inavunjika. Anauliza maswali, anajibiwa kwa kugongwa, kama mwandishi wa Kifaransa Victor Hugo alivyosemeshwa na wafu kwa meza inayogonga kule Jersey, kisiwa cha uhamisho wake, alipokuwa bado na msiba wa binti yake aliyezama mto Seine mwaka 1843. Swali la mwisho la Maureen ni kama huyo anayegonga ni Lewis, au ni yeye mwenyewe tu. Linagongwa pigo moja. Ndiyo. Skrini inakuwa nyeupe.

Ndiyo ipi?

Nilipozima, nikafungua simu. Jina la kaka sijalibadilisha. Mwenye namba sasa kaweka picha ya mtoto wa kike kavaa gauni la sikukuu, jino moja la mbele halipo, na chini yake, kwa maandishi yangu mwenyewe, pameandikwa Kaka.