Mkono wa mzee: udhaifu mwingi huanzia kwenye neva

Mzee akishindwa kufunga vifungo vya shati asubuhi ya baridi ya Julai hapa Nairobi, watu husema misuli imekwisha. Misuli hupungua kweli, lakini tuanze na neva.

Kila neva ya mwendo inayotoka kwenye uti wa mgongo huamrisha kundi lake la nyuzi za misuli. Baada ya miaka 60 hivi, neva hizo hupungua sana. Nyuzi zinazoachwa yatima hupokewa na neva jirani, na zisizopokewa hufa. Neva moja inajikuta ikiamrisha nyuzi nyingi kuliko zamani: nguvu inabaki kiasi, ila uwezo wa kuipima kidogo kidogo unapotea. Ndiyo maana mkono unaoinua mtungi wa maji unashindwa kupitisha uzi kwenye sindano. Ngozi nayo inahisi kidogo na kukauka, sarafu zinateleza, mzee anabana kuliko inavyohitajika, na mkono unachoka upesi.

Lakini si kila udhaifu ni uzee. Uzee hugusa mikono yote miwili, polepole. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha mtu usiku kwa kawaida ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Alale amevaa gango la kunyoosha kifundo, na amwone daktari kabla nyama ya chini ya kidole gumba haijaanza kubonyea, kwa sababu ikishaisha ni vigumu kurudi. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, chunguza kiwiko. Anayemeza metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi aulizie kupimwa vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza na neva zikaumia. Mkono mmoja ukilegea ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi.

Mazoezi: bana taulo ndogo iliyokunjwa kwa sekunde 5, mara 10, mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Viungo vikiwa vimevimba na vina joto, ruka hilo. Kisha zungushia vidole vyote raba laini, uvitanue. Wengi huliacha zoezi hili, ilhali ndilo linaloamsha misuli midogo ya ndani ya kiganja.

Na tafadhali, msiwapokonye wazee kazi ya kuchambua maharagwe kwa kuwahurumia. Kuokota punje moja moja kwa kidole gumba na kila kidole kwa zamu kunafundisha neva zilizobaki kile ambacho kubana taulo hakuwezi.