Kupinga hoteli ndani ya hifadhi: anza na ramani

Tangazo la kumega hifadhi ya umma ili ijengwe hoteli ya kitalii mara nyingi ni fupi. Uhondo wote umo kwenye kiambatisho. Chukua alama za mipaka zilizomo, zichore juu ya ramani rasmi ya hifadhi, kisha pima mwenyewe. "Hekta 4 tu" huenda ni majengo peke yake. Barabara ya kilomita 2 yenye upana wa mita 10 inameza hekta 2 nyingine, na hapo hujagusa maegesho, nguzo za umeme wala mabwawa ya majitaka.

Pingamizi liulize yanayodai majibu: maji ya kiangazi yatatoka wapi? Kwa nini kiwanja cha nje ya mpaka kilikataliwa? Barua mia za kunakiliana zinaweza kuhesabiwa hoja moja, kwa hiyo kila mtu aandike yake. Peleka nakala mbili kabla ya siku ya mwisho, moja igongwe muhuri wa tarehe ubaki nayo. Bila huo, kesi ikifika mahakamani utaonyesha nini?

Wenye mradi wakiahidi kufidia kwa kupanda miche kwingine, waulize nani ataimwagilia, kwa miaka mingapi, na kama ardhi hiyo imeshatangazwa kuwa hifadhi.