Bega la Kushoto

Usukani wa baiskeli ulinichoma chini ya mbavu za kushoto nilipoanguka. Niliinuka, nikajipangusa vumbi, nikaendelea na safari yangu. Hakukuwa na jeraha. Kulibaki alama ya mviringo tu, ambayo usiku ule iligeuka zambarau. Siku tatu nilipumua kwa kuiba, kisha maumivu yakaisha. Nilikuwa na miaka 24, na mwili ukinyamaza niliamini umepona.

Wiki mbili baadaye niling'olewa jino lililokuwa limetunga usaha. Hilo nalo nikalisahau.

Homa ilinianza wiki ya nne. Jioni joto linapanda, usiku natetemeka mpaka kitanda kinalia, alfajiri shuka limelowa chapachapa. Nilikwenda kwa daktari mara mbili, nikapewa vidonge vya mafua na vya kutuliza homa. Wote wawili niliwaeleza habari za jino. Za baiskeli sikuwaeleza. Sikuwa nawaficha. Sikujua tu kwamba ni sehemu ya habari. Likaja na bega la kushoto, linauma hasa nikivuta pumzi ndefu, nami nikadhani nimelilalia vibaya.

Daktari wa tatu alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alinilaza chali, akaniambia nivute pumzi, akabonyeza chini ya mbavu za kushoto. Pumzi ilinikatika.

“Bega hili linauma tangu lini?”

“Wiki hivi, Daktari. Lakini shida yangu ni homa.”

“Mwanangu, umeanguka siku za karibuni? Umegongwa?”

Kabla sijajibu, mama yangu aliyekuwa amekaa karibu na mlango akasimama. “Si ile baiskeli!”

Ultrasaundi ilionyesha doa jeusi ndani ya bandama. Picha ya CT ikalipima: sentimita 7. Lilikuwa jipu.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Bandama ni laini, imejaa damu, ukubwa wake karibu na ngumi. Pigo lile lilikuwa limeichana kwa ndani bila kupasua utando wake wa nje, damu ikavilia humo. Damu iliyotuama haina mzunguko, hivyo askari wa mwili hawaifikii vizuri. Bakteria wakipita kwenye mkondo wa damu, labda wakitokea kwenye lile jino, hapo wamepata chakula na maficho. Ni jambo la nadra, alisema, maana kwa kawaida bandama yenyewe ndiyo inayochuja bakteria kwenye damu. Na bega? Jipu lilikuwa linakisumbua kiwambo, msuli wa kupumulia, ambao neva yake huanzia shingoni pamoja na zile za bega. Ubongo hupokea habari ya maumivu ukadhani inatoka begani. Nililitazama bega langu kama kitu cha mtu mwingine.

Nilimwomba, kama ni lazima, aitoe bandama yote ili niondokane na mateso. Akakataa kuanza na hilo. Asiye na bandama, alinieleza, huhitaji chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo, na kila homa kwake ni dharura maisha yake yote. Tujaribu mrija kwanza.

Nikachomwa ganzi, sindano ndefu ikapita katikati ya mbavu huku wakiifuata kwenye skrini, mrija ukaingia. Usaha ulitoka wa rangi ya udongo, mzito, na harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafunga mdomo. Maabara walikuta streptokoka, aina ya bakteria. Usiku wa pili niliamka alfajiri, nikapapasa shuka. Lilikuwa kavu. Nilimwamsha Mama aliyekuwa amesinzia kitini ili naye aliguse, akaligusa, akalishika muda mrefu bila kusema neno.

Mrija ulikaa siku 9. Dawa za mshipani ziliendelea, kisha vidonge kwa wiki kadhaa, na bandama yangu ninayo.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniandikia kadi ya kutembea nayo. Mstari wa kwanza haukutaja homa wala jipu. Ulikuwa na tarehe niliyoanguka, na mbele yake: “Aligongwa mbavu za kushoto.”