Siku yangu na laptopu zenye Windows na Ubuntu pamoja

Saa 2:15 asubuhi. Sijafungua hata kitasa cha duka langu la kutengeneza kompyuta hapa Mwenge, kijana wa chuo yuko mlangoni, laptopu kaipakata. "Shikamoo kaka. Windows yangu imepotea." Usiku kaipandisha Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta alioweka pamoja na Windows, kutoka toleo la 20.04 kwenda 22.04, asubuhi menyu ya kuwashia ikaonyesha Ubuntu peke yake. Hosteli wameshamshauri apige Windows upya. Ushauri huo umefuta kazi za watu wengi mjini hapa kuliko virusi, ukiniuliza mimi.

Saa 3:00. Nauliza kwanza nani mwingine kaishika mashine. Kumbe mwenzake kaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, na kuzima Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia. Ni Dell, naiwasha huku nabonyeza F12 nione orodha ya mifumo inayoweza kuwashwa: Windows Boot Manager, kiwashio cha Windows, ipo, kwa hiyo mfumo haujaenda popote. Naichagua, inakuja skrini ya buluu ya BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Kijana jasho linamtoka. Namwambia aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, na kweli ufunguo uko huko. Tunauhifadhi kwanza. Kisha narudisha Secure Boot kama ilivyokuwa, na Windows inafunguka bila kudai kitu.

Saa 4:00. Sasa menyu. Menyu hiyo huletwa na programu iitwayo GRUB. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kipengele cha os-prober kinachotafuta mifumo mingine kwenye diski huja kimezimwa kwa sababu za usalama. Nafungua faili la mipangilio yake, /etc/default/grub, naongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, nahifadhi, kisha natoa amri ya kuunda menyu upya, sudo update-grub. Terminali, dirisha la kuandikia amri, inatema mistari ya kernel (kiini cha mfumo) moja baada ya nyingine, inasita kidogo, halafu: Found Windows Boot Manager on /dev/nvme0n1p1. Kijana anapiga kelele mpaka muuza vocha wa jirani anachungulia.

Saa 5:30. Mama mmoja mhasibu. Kila akitoka Ubuntu kuingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu kamili. "Mwanangu, betri ya ndani imekufa?" Hapana, mama. Ubuntu huandika muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, kwenye saa ya mashine, Windows huusoma kama muda wa hapa, na sisi tuko saa 3 mbele ya UTC. Naandika timedatectl set-local-rtc 1, ili Ubuntu nayo iweke muda wa hapa kwenye saa ya mashine. Ubuntu yenyewe huonya kuhusu mpangilio huo, hasa kwa nchi zinazosogeza saa kufuata majira. Sisi hatusogezi, basi sina wasiwasi nao.

Saa 8:00. Chipsi mayai mkono mmoja. Laptopu ya studio ya picha, betri mbovu, umeme ulikatika sasisho likiwa katikati, ukiiwasha, giza. Nafungua menyu ya GRUB, Advanced options, nachagua kernel ya zamani, inawaka. Kisha amri ya kukamilisha sasisho lililokatika, sudo dpkg --configure -a, naiacha imalizie yenyewe.

Saa 11:00 jioni. Kijana karudi kuchukua mashine, analipa. Namuuliza ule ufunguo wa BitLocker kauweka wapi.

"Uko salama kaka, kwenye Documents."

Documents za laptopu hiyohiyo. Nikampa kalamu na karatasi, akakaa kwenye benchi kunakili.